Kitambaa Cheupe cha Mama Kusuma

Nilanthi aliponipigia simu nilikuwa nakanda unga wa chapati, nikabonyeza kwa kiwiko, simu ikakata. Akapiga tena. Hakulia. Alisema, "Hawa, mama leo hakutaka chai." Nikavuta kiti nikakaa. Kwa anayemjua Mama Kusuma hapo habari imekwisha, maana yule mama alikunywa chai siku aliyovunjika nyonga, tena akiwa bado sakafuni, na mtu wa gari la wagonjwa alipomwambia angoje kwanza, alimjibu, "Ngoja wewe, mimi namalizia." Basi unga nikauacha palepale kwenye sinia, nikavaa koti, nikaenda. Nimeishi Stockholm miaka mingi kuliko niliyoishi Tanga. Nina wajukuu ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiswidi. Lakini ukiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe mtu, ni ule mmoja niliokaa nyumbani kwa Mama Kusuma kule Norsborg, ghorofa ya sita, nikiwa kijana wa miaka ishirini, na sina ufunguo.

Ya kwetu nayaruka. Nani kanizaa na nani kaniozesha, wenyewe wanajuana, na wengine bado wako hai na wanapenda kesi. Itoshe kwamba mume wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alinileta Sweden wakati wa baridi, akakaa nami siku chache, akanipangia chumba kwa mjane mmoja wa Sri Lanka, Msinhala, kisha akarudi melini. Aliniambia, "Usitoketoke, huu mji utakumeza." Na mwenye nyumba akamwambia hivyohivyo, "Asitoketoke." Sikuwa mfungwa, nisimsingizie mtu. Mlango haukufungwa kwa nje. Lakini mtu hajui lugha, koti lake ni la kuazima, ufunguo wa kurudia ndani hana, huo mlango wazi unamfaa nini? Nilikuwa nasimama dirishani naangalia watu wakishuka kutoka stesheni, wote wameinamisha vichwa kama wametafuta kitu hawajakipata, nami nawaonea wivu hata kwa baridi yao. Chini ya dirisha kulikuwa na kile chuma cha joto. Nimekiegemea mpaka magoti yangu yakafanya madoa, na madoa hayo ninayo hadi leo.

Chumbani mwangu sikuwa peke yangu. Nilikaa na poruwa. Poruwa ni jukwaa dogo la mbao, juu lina paa linalopambwa maua, limeshikwa na nguzo nne, na harusi ya Kisinhala haifungwi chini, inafungwa juu ya hilo. Maharusi wanapanda kwa mguu wa kulia, wanafanyiwa mambo yao yote humo, na hawashuki mpaka yaishe. Sasa jukwaa hilo la Mama Kusuma likiwa halina kazi lilifunguliwa vipandevipande likaegemezwa chumbani mwangu, kitanda changu kikabaki kati ya nguzo na ukuta. Nikigeuka usingizini nagonga nguzo. Kuliwekea nguo marufuku, kulikalia marufuku. Nilimuuliza mbona asilipeleke stoo chini. Akaniambia stoo kuna baiskeli za watu, na poruwa haiwezi kulala na baiskeli. Mimi naweza kulala na poruwa, lakini poruwa na baiskeli, haiwezekani. Nikacheka peke yangu siku nzima, maana mwenzangu wa kucheka naye sikuwa naye.

Nieleze hapa kwamba mimi na yeye tulisemezana kwa Kiswidi kibovu, Kiingereza kibovu zaidi, na mikono. Nikiandika alivyosema mnaona Kiswahili kizuri, lakini kile chetu wenyewe hakiandikiki. Wasinhala wote walimwita Akka, yaani dada mkubwa. Mimi nilimwita Mama Kusuma kwa sababu kwetu huwezi kumwita mtu wa umri ule jina tupu. Yeye aliniita nangi, mdogo wangu. Alikuwa mfupi, mnene wa wastani, nywele kazibana nyuma kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda, na ndiye aliyepanga harusi za Wasinhala wa mji mzima, kuanzia Norsborg mpaka huko Jakobsberg upande wa pili. Ofisi yake ilikuwa meza ya jikoni. Watu walikuja na viatu vyao mikononi, wanakaa, wanapewa chai na kavum, ambazo ni kama maandazi ya sukari guru, na kabla hawajaimaliza chai wameshapangiwa kila kitu na wengine wameshagombana.

Nami kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikajua kupanga harusi ya Kisinhala kabla sijajua kuagiza mkate. Kwanza nyota za bwana na bibi zinapelekwa kwa mnajimu huko kwao, zilinganishwe. Zikikataa, Mama Kusuma alikuwa na mnajimu mwingine. Kisha mnajimu anatoa saa za heri: ya kupanda poruwa, ya kulishana wali, ya kushuka. Saa hizo ndizo bwana mkubwa wa shughuli. Ukumbi hata ushike moto, saa ikifika mtapanda, moto mtauzima baadaye. Halafu utafute mzee wa kusoma mashairi ya baraka. Utafute wasichana wanaojua kuimba, wavae nyeupe. Ngoma zao hakuna wapigaji huku, basi kanda ya redio. Taa ya mafuta ya shaba. Nazi nzima moja, ya kupasuliwa wakati maharusi wanashuka, na wakati ule nazi nzima Stockholm ilikuwa kitu cha kubembeleza. Ya kupikia tulitumia ile kavu ya pakiti, unailoweka maji moto, unaikamua kwa kitambaa cha pazia kuukuu mpaka tui litoke. Mimi mtu wa Tanga, nimezaliwa na kifumbu mkononi, kukamua nazi ya pakiti kwa pazia! Nilifanya nikiwa nimefumba macho.

Na tambuu. Maharusi wanashika majani ya tambuu, wanawapa wazazi wa pande mbili, na tambuu huku hakuna. Mama Kusuma alikuwa na mmea wa dirishani, ule unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo ambao nusu ya Waswidi wanao. Yeye alikuwa nao madirisha yote ya nyumba, kwenye makopo ya maziwa, kamba zimefungwa mpaka darini, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuyafuta vumbi majani moja moja kwa kitambaa chenye maziwa, yang'ae. "Ni tambuu hiyo?" nilimuuliza. "Harusini ni tambuu," akasema, "jikoni ni ua. Asitafune mtu tu." Mzee mmoja akaja kutafuna, kwa mazoea, akatapika kwenye koti la bwana harusi. Ile mimea niliipenda. Ilikuwa kama mimi, inakua ndani ya kioo, inaliangalia jua hailigusi.

Sasa nije kwenye kitu chenyewe, nisiwachoshe kwa majani. Kwa desturi yao mjane hana nafasi kwenye harusi. Si kwamba anachukiwa. Ni kwamba wanaogopa kisirani chake kisiwapate maharusi: asiwaguse, asiwe mbele yao saa ile, asishike vitu vya poruwa siku yenyewe. Na Mama Kusuma alikuwa mjane. Kwa hiyo yule aliyejua kila uzi wa ile shughuli, aliyepamba nguzo nne kwa mikono yake tangu juzi, taa ikikaribia kuwashwa alijifungia jikoni mwa ukumbi. Hakuna aliyemwambia. Alikwenda mwenyewe, akafunga mlango, akafunga na kile kidirisha cha kupitishia sahani, akasimama nyuma yake anasikiliza. Ndiyo maana alinihitaji. Mimi nilikuwa na mume hai, hata kama yuko baharini, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyepeleka sinia la tambuu, mimi ndiye niliyebeba kiribath, wali wa tui ulioshindiliwa ukashikana, ukakatwa vipande kama kashata, wanaolishana maharusi. Na kila nikirudi jikoni ananishika mkono: "Wamepanda? Mguu gani? Bibi harusi kalia? Kalia vizuri au kalia vibaya?" Nikimwambia kalia vizuri, anakaa, anakunywa chai. Nazi ikipasuka kule nje anafumba macho, anasema, "Tayari," kama mtu aliyejifungua.

Yeye hakuona ajabu, nami nikazoea. Mpaka harusi ikawa ya mwanawe.

Nilanthi alikuwa mtoto wake wa pekee, tumelingana naye umri, anafanya kazi kwa daktari wa meno, mcheshi, mrefu kuliko mama yake kwa kichwa kizima. Yeye ndiye aliyenifundisha treni. Aliniambia, "Hawa, Norsborg ndio mwisho wa reli. Ukipotea mjini panda treni nyekundu yenye jina letu, kaa, usimuulize mtu. Ikikataa kuendelea, umefika nyumbani." Nilimwambia kupotea kunataka mtu atoke kwanza. Alikuwa amempata Sunil, kijana mpole wa Jakobsberg, dereva wa basi. Wamependana wenyewe. Mnajimu wa kwanza alikataa, wa pili akakubali, mambo yakaenda. Tatizo likaja kwenye kitambaa.

Kuna kitambaa cheupe. Juu ya poruwa bwana harusi anampa bibi harusi kitambaa cheupe kipya, na bibi harusi anamkabidhi mama yake mzazi, mbele ya watu wote, kama asante ya maziwa aliyonyonya. Hakuna mama wa Kisinhala asiyeingojea saa hiyo. Mama Kusuma aliponieleza nikamwambia hata kwetu Tanga mama wa bibi harusi hupewa mkaja, ile nguo aliyojifunga tumbo baada ya uzazi, ingawa siku hizi wanatoa pesa tu. Akacheka sana. "Kumbe nyinyi tumbo," akasema, "sisi maziwa." Halafu akaanza kupanga vikombe ambavyo vimeshapangwa.

Padma akaja Jumapili. Padma alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, naye anakaa Jakobsberg, mwanamke wa sauti, mwenye mume anayelala popote unapomweka. Mimi nilikuwa chumbani na poruwa yangu, mlango umeachwa kidogo, na jikoni ile kila neno linasikika. Walichanganya Kisinhala na Kiswidi kwa sababu ya Nilanthi, ambaye akikasirika Kisinhala kinamtoroka, nami cha mezani pale nilishakiokota cha kutosha.

"Nitasimama mimi," Padma alisema. "Shangazi ni mama. Na mimi mume wangu yu hai."

"Yu hai kwa sababu anapumua," Nilanthi akasema.

"Nilanthi!" Huyo ni mama yake.

"Yuko hapo sebuleni, kalala na kikombe mkononi, kamuulizeni kama yu hai!"

"Mwache aseme," Padma akasema. "Kesho kutwa Sunil akipata ajali na basi lake, aje aseme tena. Akka, wewe unasemaje? Desturi unaijua kuliko mimi."

Nikangoja. Nilisikia kijiko kinazungushwa kwenye chai muda mrefu, na Mama Kusuma hatii sukari. Akasema, "Padma atapokea. Nimewaambia mama za watu, wajane, wakae nyuma, nimewafungia mlango mimi mwenyewe. Leo kwa mwanangu nibadilishe?"

"Maziwa ni yako," Nilanthi akasema.

"Na kisirani ni changu."

"Nej, mamma. Nej." Hapana hiyo, kwa Kiswidi. Mlango ukapigwa, nikasikia anashuka ngazi kwa miguu, ghorofa sita, lifti ipo.

Tangu siku ile nyumba ikaniwia ndogo zaidi. Nilanthi hazungumzi na mama yake ila kwa mambo ya maua na viti. Mama Kusuma ndiye aliyekwenda mwenyewe mjini kununua kitambaa, akachagua pamba nzuri, nyepesi, ya bei, kwa ajili ya kwenda kupewa wifi yake. Akaniletea nikipinde. Nikamwambia, wewe ndiye mshonaji, mashine ni yako. Akasema macho yanamuuma. Basi nikashona mimi, kona moja ikaenda kombo, nikataka kufumua, akasema, "Acha. Padma hataangalia kona."

Siku moja alinituma chumba cha kufulia, huko chini, nikasahau sabuni nikarudi. Poruwa alikuwa ameitoa chumbani mwangu na kuiunganisha sebuleni ili apime kitambaa cha paa. Naye amesimama mbele yake, hajapanda, amesimama chini pale mama wa bibi harusi anaposimama, ameinua mikono miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayekinga maji ya bomba. Hakuna kitu mikononi. Nilisimama kwenye korido na kikapu cha nguo. Aliponiona alianza kuvuta nyuzi kwenye paa. "Umesahau nini?" akaniuliza. "Sabuni." "Iko pale ilipo siku zote." Nikachukua sabuni. Kwenye lifti nikalia, na sijui nilikuwa namlilia yeye au najililia mimi, maana mwaka mzima nami nilikuwa nimesimama vilevile, nakinga, nangoja mtu mwingine aseme nini kiwekwe.

Harusi ilikuwa wakati wa theluji, ukumbi wa chini wa majengo yaleyale ya Norsborg, ule wa kukodi, wenye viti vya kukunja na jiko dogo pembeni. Binamu yao mmoja alileta tambuu halisi kutoka Sri Lanka kwenye sanduku, akazisahau kwenye gari usiku kucha, zikaganda zikawa nyeusi kama majani ya chai. Tukarudi kwenye madirisha. Nilichuma mwenyewe, nikayaacha makopo ya maziwa yamebaki na kamba. Nilanthi alivaa sari ya kwao ya harusi, mikufu juu ya mikufu, kipambo cha dhahabu kwenye paji la uso, na mama yake hakumvisha, aliyemvisha ni Padma, na Mama Kusuma akaelekeza kutoka nje ya mlango, "Pindo la kushoto. Lishushe. Siyo hivyo. Basi, hivyo." Taa ilipokaribia kuwashwa akaingia jikoni, akafunga.

Nikapeleka tambuu. Walipanda kwa mguu wa kulia. Wasichana wakaimba, mzee wa mashairi akasoma, kanda ya ngoma ikapiga. Nikarudi jikoni kuchukua kiribath, maana baada ya kitambaa ilikuwa zamu ya wali, na saa yake ya heri ni fupi. "Kalia?" akaniuliza. "Bado." "Kitambaa?" "Sasa hivi." Akasimama nyuma ya kidirisha, sikio kwenye ubao. Tukangoja kusikia mzee anaendelea. Hakuendelea. Ngoma zikapiga weee, kanda ikafika mwisho, ikakata. Nikafungua kidirisha kidogo, kama upana wa kidole.

Nilanthi alikuwa juu ya poruwa, kitambaa kimekunjwa mikononi. Padma amesimama chini, mikono imenyooshwa. Na Nilanthi hampi. Hakufanya ghasia. Alisema kwa upole, watu wote wakasikia, "Shangazi, shusha mikono utachoka. Namngoja mama." Sunil kando yake ametazama mbele kama yuko kwenye foleni ya magari, akasema, "Na mimi namngoja." Na kushuka hawawezi, mnakumbuka, aliyepanda hashuki mpaka yaishe.

Mama Kusuma akanisukuma akafunga kidirisha. Uso ulikuwa umemwisha rangi. "Peleka wali," akaniambia. "Ukifika wali atatoa kitambaa, ataona aibu. Saa inapita. Chukua!" Akanitilia sahani mkononi.

Nami mwaka mzima kwenye nyumba ile sikuwahi kusema hapana. Mume wangu kasema kaa, nimekaa. Mama Kusuma kasema futa majani, nimefuta. Sikupanga kitu, wallahi. Niliirudisha sahani mezani, nikaenda nikakiegemea kile kidirisha kwa mgongo, nikasema, "Sibebi."

"Nini?"

"Sibebi, mama."

"Hawa, usifanye mchezo. Saa inapita!"

"Naiona."

"Toka hapo nimpitishie mtu."

"Sitoki."

"Unamharibia mwanangu ndoa!"

"Mimi nimesimama tu," nikamwambia. "Wali huo hapo. Mikono unayo."

Kutoka nje mzee wa mashairi akagonga ubao mgongoni mwangu. "Akka! Kiribath! Saa inakwisha!" Yeye akaitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akautazama mlango. Nilijua jioni ile naweza kulala nje, na theluji ile, na meli ya mume wangu sijui iko bandari gani. Lakini nilimjua yule mama. Kisirani cha mjane alikiogopa, lakini kuacha saa ya heri ipite, kwa uzembe wa jikoni, kwenye harusi aliyoipanga yeye! Hilo asingeweza hata akifa. Desturi zake mwenyewe zilimbana huku na huku, na mlango ulikuwa mmoja.

Alinitukana kwa Kisinhala, neno refu. Akavuta upindo wa sari yake nyeupe ya ujane akajifunika kichwa, akanyanyua sahani kwa mikono miwili, akafungua mlango kwa mguu.

Nilitoka nyuma yake. Alitembea ameinamisha kichwa, anaiangalia sahani, watu wakimpisha na viti vya kukunja vinalia. Alipofika alinyoosha sahani bila kuinua macho. Nilanthi hakupokea sahani. Aliinama kutoka juu, mikufu yote ikaning'inia, akamwekea mama yake kitambaa juu ya mikono ileile iliyoshika wali. Mama Kusuma akashindwa kukirudisha, kwa kuwa mikono imejaa, na akashindwa kukishika, kwa sababu hiyohiyo, kikaanza kuteleza. Ukumbi mzima unaangalia kitambaa kinateleza. Ndipo Padma, Padma yuleyule, akasogea akasema kwa sauti yake ile ya sokoni, "Nipe hiyo sahani, Akka. Utashika vyote?" Akaichukua. Mama Kusuma akabaki na kitambaa, viganja juu, kama nilivyomkuta sebuleni. Mzee akasoma. Bibi harusi akalia, na mimi nikasema moyoni, kalia vizuri.

Ndoa haikuharibika. Sunil aliteleza kwenye barafu kabla theluji ile haijaisha, akavunja mguu, na Padma akamtazama Mama Kusuma, na Mama Kusuma akaitazama sufuria yake, basi. Sunil bado yupo Jakobsberg, mzee, anawachosha watu kwa habari za mabasi. Mama Kusuma naye, msidhani aligeuka mtu mwingine. Harusi za watu aliendelea kukaa jikoni, mlango kafunga. Kidirisha tu ndicho alikiacha wazi. Kwangu alikaa wiki nzima hasemi nami. Kisha asubuhi moja nikakuta ufunguo kando ya kikombe changu. Nikamuuliza wa nini. "Katafute kazi," akasema, anachochea chai yake isiyo na sukari. "Mtu mkaidi hakai ndani, ataniharibia maua." Nilipotea mara ya kwanza nilipokwenda Flemingsberg kuomba kazi ya usafi, nikajikuta mjini kati, nikapanda treni nyekundu, nikakaa, sikumuuliza mtu. Ilipokataa kuendelea nikashuka. Mume wangu aliporudi kutoka baharini alinikuta kazini, na baada ya hapo tuliachana bila kelele.

Sasa juzi, baada ya mazishi, tukakusanyika kwa Nilanthi huko Jakobsberg kuwapikia watawa wa Kibudha chakula cha sadaka ya marehemu. Sisi wote tumevaa nyeupe, jikoni kumejaa mvuke, na Padma amekaa kwenye kiti cha magurudumu anaamuru. Binti wa Nilanthi, Amaya, alikuja na makopo ya tui la dukani. "Mamma, hili linatosha," akasema kwa Kiswidi. Mama yake akamwambia aliweke kabatini. Akaniletea mimi bakuli la nazi iliyolowekwa, akafungua droo, akanirushia kitambaa. "Kamua wewe, mikono yangu imechoka. Mama alikuwa hakamui kwa kingine."

Kilikuwa laini kama ngozi ya mtoto, rangi imekuwa ya chai ya maziwa, kina madoa ya manjano ya bizari. Nilidhani ni kuukuu tu. Nilipokikunja kukamata ncha, kidole kikapita kwenye pindo, nikaona kona imekwenda kombo. Nikasimama hapo. Nikahesabu moyoni harusi ngapi, sahani ngapi za kiribath, mtoto wa nani na mtoto wa nani, wote wamekula humo. Kumbe hakukiweka kabatini. Padma akanipigia kelele kutoka kwenye kiti chake, "Hawa, umelala? Kamua!" Nikazungusha kitambaa, nikakaza, tui likaanza kushuka.